Bafa ya transista mbili: hesabu huanzia kwenye mzigo

Unganisha opampu ya TL072 (chipu ya kukuza ishara) moja kwa moja na hedifoni za omu 32, ambazo hapa ndizo mzigo. Sauti itatoka, ila nyembamba, na ukiongeza kidogo tu itaanza kukwaruza. Wengi hulaumu opampu, hununua nyingine ya bei kubwa zaidi, na mkwaruzo hubaki palepale. Datashiti ya TL072 inaahidi volti zake kwa mzigo wa kilo-omu 2 kwenda juu. Ya NE5532 inashuka hadi omu 600. Omu 32 haijatajwa popote. Hata NE5532 ukiigusisha tokeo lake na ethi kabisa, hutoa takriban miliampia 38. Zidisha kwa omu 32 upate volti 1.2, na hapo tayari umeitoa nje ya ahadi yake.

Kinachohitajika ni hatua ya mwisho inayobeba mkondo: bafa. Haiongezi volti. Inapokea volti 3 na kutoa volti 3, ila nyuma ya hizo volti kuna nguvu ya kuendesha mzigo. Transista mbili, dayodi mbili na rezista chache zinatosha, na saketi yake imechorwa mahali pengi sana. Mchoro hauna shida. Shida ni kwamba thamani za vipande hunakiliwa bila kujua zilihesabiwa kwa mzigo gani, kwa umeme wa volti ngapi na kwa transista ipi. Hapa nitaanza na mzigo, nirudi nyuma hadi kwenye opampu.

Chukua mfano huu: hedifoni za omu 32, umeme wa pande mbili wa volti 12 chanya na volti 12 hasi, na kilele cha wimbi cha volti 3. Mkondo wa kilele ni 3 kugawa kwa 32, yaani miliampia 94. Nguvu inayofika masikioni ni wati 0.14, ambayo kwa hedifoni nyingi ni kelele ya kuumiza. Kwa hiyo tunahesabu kwa miliampia 94, huku tukijua kwamba msikilizaji mwenye akili timamu atatumia sehemu ndogo tu ya hizo.

Kwa nini transista moja haitoshi

Transista ina miguu mitatu: mkondo mdogo wa beisi hutawala mkondo mkubwa kati ya kolekta na emita. Njia fupi ni transista moja ya NPN (aina inayosukuma mkondo), ishara ikiingia kwenye beisi, mzigo kwenye emita, na rezista kutoka emita kwenda volti 12 hasi. Upande wa juu haina tatizo, kwa sababu transista inafungua na kusukuma mkondo wowote unaotakiwa. Upande wa chini transista haiwezi kuvuta chochote, inaweza tu kufunga na kuiachia rezista ivute. Transista hii ni kama mpagazi anayejua kusukuma mkokoteni ila hajui kuuvuta.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa tatizo. Weka rezista ya kilo-omu 1 na mzigo wa omu 100. Transista ikifunga kabisa, rezista na mzigo vinagawana volti 12, na mzigo unapata 12 × 100 ÷ 1100, yaani volti 1.09. Wimbi lako litapanda hadi volti 10 juu lakini chini litakatwa kwenye volti 1.09. Kwa omu 32 ni volti 0.37 tu. Ukiiangalia saketi hiyo bila mzigo kwenye oskiloskopu inapendeza kabisa, ndiyo maana watu huipitisha.

Ukibadilisha rezista hiyo kwa chanzo cha mkondo thabiti hali inaboreka, ila lazima mkondo huo usipungue kilele cha mzigo. Kwa mfano wetu ungehitaji takriban miliampia 100 muda wote, hata muziki ukiwa kimya: wati 1.2 kwenye transista na wati 1.2 nyingine kwenye chanzo, kwa kila upande wa stirio. Jumla inakaribia wati 5 za joto kwa ajili ya sehemu ya kumi ya wati ya sauti. Wapo wanaoipenda kwa usafi wake na siwakatazi. Lakini kama kuna betri popote kwenye mpango wako, iache.

Mbili zinazopokezana, na pengo la katikati

Transista ya NPN juu na ya PNP (pacha wake wa kinyume) chini, emita zikikutana kwenye tokeo. Moja inasukuma, nyingine inavuta. Ukiunganisha beisi zote mbili pamoja na kuziendesha na opampu, unapata pengo: kati ya volti 0.65 chanya na 0.65 hasi hakuna transista iliyofunguka. Wimbi likipita kwenye sifuri linakaa bapa kwa upana wa volti 1.3, kisha ndipo linaendelea. Sauti ndogo ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu yote inaweza kumezwa na pengo.

Utasikia ushauri kwamba ukichukua mrejesho (sehemu ya tokeo inayorudishwa kwenye opampu ili ijirekebishe) kutoka tokeo la bafa badala ya tokeo la opampu, opampu itaziba pengo yenyewe. Ni kweli nusu. Opampu lazima iruke hizo volti 1.3 kila wimbi linapovuka sifuri, na inaruka kwa kasi yake. TL072 hupanda volti 13 kwa mikrosekunde, hivyo inavuka ndani ya sehemu ya kumi ya mikrosekunde. LM358 hupanda takriban volti 0.3 kwa mikrosekunde, hivyo inahitaji zaidi ya mikrosekunde 4. Kwa wimbi la kilohezi 10, ambalo nusu yake ni mikrosekunde 50, karibu asilimia 9 ya muda inapotea. LM358 pia ina pengo lake la ndani kwenye tokeo. Kwa sauti, usiihangaikie.

Dawa ni kuzifungua transista zote mbili kidogo kabla ishara haijafika, zipitishe mkondo tulivu. Kiasi gani? Kila transista ina ukinzani wake wa ndani wa emita, milivolti 26 kugawa kwa mkondo wake. Barney Oliver wa Hewlett-Packard alionyesha mwaka 1971 kwamba ukinzani wa tokeo hubaki karibu sawa wakati transista moja inapoiachia nyingine kazi, ikiwa ukinzani huo wa ndani unalingana na rezista ya nje ya emita. Kwa vitendo: milivolti 26 juu ya kila rezista ya emita. Chini ya hapo pengo linaanza kurudi. Juu ya hapo unapata kasoro ya kinyume: katikati ambapo transista zote zinafanya kazi bafa inakuwa na nguvu maradufu kuliko pembeni, na wimbi linapinda kwa namna nyingine. Kwa hiyo kuongeza mkondo tulivu "ili iwe safi zaidi" si lazima isaidie.

Nimechagua rezista za emita za omu 2.2. Mkondo tulivu unakuwa milivolti 26 kugawa kwa 2.2, yaani miliampia 12 hivi. Kwenye kilele cha miliampia 94 rezista inakula volti 0.2, gharama ndogo. Na kuna faida isiyosemwa sana: hadi mzigo unapofika karibu miliampia 24, hakuna transista inayofunga. Hizo ni volti 0.77 kwenye omu 32, au miliwati 9. Kwa hedifoni nyingi, hapo ndipo usikilizaji wa kawaida unapoishia.

Transista ipi

BD139 na BD140. Zinabeba ampia 1.5, zina mgongo wa chuma wa kufungia hitisinki (bamba la kupoza joto), na zinapatikana Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, bila kuagiza. Tafuta zenye alama ya mwisho 16, ambazo kikuzo chake cha mkondo (mara ngapi mkondo wa beisi unakuzwa) ni 100 hadi 250. Zenye alama 10 ni 63 hadi 160. Ukiitazama upande wenye maandishi, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni emita, kolekta, beisi. Chuma cha mgongo kimeungwa na kolekta, kwa hiyo BD139 na BD140 zikifungwa kwenye bamba moja bila karatasi ya mika ya kuzuia umeme, volti 12 chanya itakutana na volti 12 hasi siku hiyo hiyo.

BC547 na BC557 zinajaribiwa mara nyingi kwa sababu zimo kwenye kila boksi la fundi. Mwisho wake ni miliampia 100, na tunataka 94 za kilele. Tena ganda lake dogo hupanda takriban nyuzi 200 kwa kila wati. Wati 0.4 tu zinaipandisha nyuzi 80 juu ya joto la chumba. Haitakufa papo hapo, ila kikuzo chake kwenye mkondo huo kimeshashuka na mkondo tulivu utakuwa unahama ovyo.

Kosa la upande wa pili ni kuchukua TIP41 na TIP42 kwa imani kwamba kubwa ni bora. Transista hizo zinaishiwa kasi kwenye megahezi 3 hivi, na TL072 nayo ina kasi ya megahezi 3. Bafa inayochelewa kiasi hicho ndani ya mzunguko wa mrejesho hufanya opampu ijibu makosa ya jana, na saketi nzima inaanza kutetema. Bafa iwe na kasi mara nyingi kuliko opampu inayoiendesha. BD139, yenye makumi ya megahezi au zaidi kulingana na kiwanda, inaendana na NE5532 ya megahezi 10.

Pima kila transista kabla ya kuisolda, hasa iliyotolewa kwenye ubao wa redio kuukuu au iliyouzwa kwa bei ya kutupa. Sehemu ya hFE kwenye multimita, yaani ya kupima kikuzo, hupima kwa mkondo mdogo, hivyo namba yake ichukue kama kichujio tu. Ikionyesha 25 mahali ulipotarajia 100, irudishe.

Dayodi mbili za 1N4148 na kwa nini zinachoma

Mchoro wa kawaida unaonyesha rezista kutoka volti 12 chanya hadi beisi ya juu, dayodi mbili za 1N4148 zikifuatana, kisha rezista nyingine hadi volti 12 hasi. Opampu inaunganishwa katikati ya dayodi. Wazo ni kwamba volti ya dayodi mbili inalingana na volti ya beisi na emita za transista mbili.

Hailingani. Dayodi ya 1N4148 ni ndogo. Kwa miliampia 5 inashikilia takriban volti 0.71. BD139 ina eneo kubwa ndani. Kwa miliampia 12 inahitaji takriban 0.62. Kwa jozi, ziada ni kiasi cha volti 0.18, na ziada hiyo yote inaangukia kwenye rezista za emita. Ukihesabu na kupanda kidogo kwa volti ya transista, mkondo tulivu unatua karibu na miliampia 30 badala ya 12. Na hapo transista bado ni baridi.

Sasa joto. Volti ya beisi na emita hushuka takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kama hakuna rezista ya emita, milivolti 18 zinatosha kufanya mkondo uwe maradufu, maana yake nyuzi 9 tu. Mkondo ukipanda, joto linapanda. Joto likipanda, mkondo unapanda tena. Swali ni kama mzunguko huo unatulia au unakimbia, na lina jibu la hesabu fupi. Chukua volti ya upande mmoja, zidisha kwa nyuzi zinazopanda kwa kila wati, zidisha kwa 0.002. Jibu liwe dogo kuliko jumla ya rezista ya emita na ukinzani wa ndani wa transista.

BD139 bila hitisinki hupanda nyuzi 100 kwa wati. Basi 12 × 100 × 0.002 ni omu 2.4. Kwa miliampia 12 tuna 2.2 za nje na 2.2 za ndani, jumla 4.4: inatulia. Kwa miliampia 30 ukinzani wa ndani umebaki 0.87, jumla 3.07: inatulia, lakini nafasi imekwisha karibu yote. Ikisukumwa kwenye mkondo mkubwa, ukinzani wa ndani unakaribia sifuri, zinabaki 2.2 peke yake, ndogo kuliko 2.4. Hapo hairudi. Ndiyo maana bafa inaweza kukaa mezani wiki nzima bila tatizo, kisha ikafa siku ilipofungiwa ndani ya boksi la plastiki na kupigwa sauti kubwa. Kwa hitisinki ndogo inayofanya jumla iwe nyuzi 31 kwa wati, ile 2.4 inashuka hadi 0.74, na umeondoka kwenye ukingo.

Badala ya 1N4148, napendelea BD139 na BD140 nyingine mbili zikitumika kama dayodi: unga kolekta na beisi pamoja, basi. BD139 inakaa juu, BD140 chini. Ni za aina moja na zile zinazofanya kazi, zina mgongo wa chuma ule ule, na zinafungwa kwa skrubu moja mgongo kwa mgongo na mwenzake, mika katikati, ili joto la moja liwe la nyingine. Ukiziacha hivyo hivyo mkondo tulivu utakuwa mdogo mno, miliampia 3.6 hivi kwa dayodi zenye miliampia 5. Kwa hiyo ongeza omu 10 mfululizo na kila dayodi. Kwa miliampia 5 zinaongeza milivolti 50 kila upande: 23 zinamezwa na tofauti ya mkondo kati ya 5 na 12, na 26 zilizobaki ndizo zinazokaa juu ya omu 2.2.

Wengine hutumia transista moja na rezista mbili kutengeneza volti ya kurekebishwa. Ni saketi nzuri, na kwa amplifaya kubwa ndiyo sahihi. Angalizo moja: rezista ya kurekebisha iwekwe kati ya beisi na emita ya transista hiyo, isiwe kati ya kolekta na beisi. Kile kidole cha ndani kinachoteleza kwenye rezista hiyo kikichakaa na kuachia, mahali pa kwanza mkondo tulivu unashuka tu. Mahali pa pili transista inafunga, volti ya beisi mbili inaruka juu, na zile za mwisho zinaungua kabla hujashika swichi.

Nani analisha beisi kwenye kilele

Hili ndilo linaloachwa zaidi. Wimbi likiwa juu, mkondo wa beisi ya BD139 hautoki kwenye opampu. Dayodi haipitishi mkondo kurudi nyuma. Unatoka kwenye rezista ya juu pekee, na rezista hiyo kwenye kilele imebakiwa na volti chache.

Kwa rezista ya kilo-omu 2.2: wakati wa utulivu inapitisha miliampia 5.1. Tokeo likiwa volti 3, beisi iko karibu na 3.9, rezista imebaki na volti 8.1 na kupitisha miliampia 3.7. BD139 yenye kikuzo cha 63 inahitaji miliampia 1.5 ili itoe 94. Dayodi inabakiwa na 2.2, haijafa, mambo ni mazuri. Opampu yenyewe inatoa takriban miliampia 4.4 tu, kwa ajili ya kuinua upande wa chini.

Kikomo ni pale ambapo mkondo wote wa rezista unamezwa na beisi. Kwa kikuzo cha 100 kikomo kinakuja karibu na volti 6.6, kwa 63 karibu na 5.3. Kwa ile transista dhaifu yenye 25, kinashuka chini kidogo ya volti 3, na vichwa vya wimbi vinakatwa ndani ya eneo ulilopanga kutumia. Mtu akiona upande mmoja wa wimbi unakatwa mapema kuliko mwingine, asikimbilie opampu. Abadilishane transista kwanza. Na anayenakili mchoro wenye rezista za kilo-omu 10, uliochorwa kwa mzigo wa omu 600, ajue bafa yake itaishia karibu na volti 2 kwenye omu 32.

Kupunguza rezista hadi omu 470 "kwa usalama" nako kuna malipo. Wakati wa utulivu dayodi zingepitisha miliampia 24, opampu ingelazimika kutoa kama miliampia 15 kwenye kilele, na omu 10 zako zingekuwa zinatoa milivolti 240 badala ya 50. Ukibadilisha moja, hesabu zote upya.

Mtetemo usiosikika

Bafa ikitetema kwenye megahezi kadhaa husikii kitu, ila transista zinachemka bila ishara, mkondo tulivu unabadilika ukisogeza mkono, na muziki unakuwa na ukungu fulani. Bila oskiloskopu, washa redio ndogo ya AM karibu na ubao na uzungushe stesheni polepole huku ukizima na kuwasha saketi. Mtetemo ulio ndani ya masafa yake utaufunika mvumo wa redio au kuipigisha mluzi.

Chanzo ni kwamba transista iliyoungwa hivi ikiangaliwa kutoka upande wa tokeo huonekana kama koili. Ukubwa wake ni ukinzani wa chanzo kinachoiendesha kugawa kwa mara 6.28 ya kasi ya transista. Chanzo cha kilo-omu 1 na transista ya megahezi 100 vinatoa mikrohenri 1.6. Ongeza kebo au saketi yenye nanofaradi 1, na una kituo cha redio kwenye megahezi 4. Ukiangalia kutoka beisi, mzigo wa kapasita unaonekana kama ukinzani hasi, yaani kitu kinacholisha mtetemo badala ya kuuua.

Dawa ni kadhaa na zote ni za bei ndogo. Rezista ya omu 22 ikiwa imebana kabisa na mguu wa beisi ya kila transista ya mwisho. Sentimita tatu mbali haina maana. Kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kila kolekta hadi ethi, ndani ya sentimita moja au mbili, na mikrofaradi 220 kando yake. Sentimita 10 za waya ni takriban nanohenri 100, na hizo zinatosha kuharibu. Kati ya tokeo na ethi, omu 10 mfululizo na nanofaradi 100. Kama unaendesha kebo ndefu, weka omu 47 kati ya bafa na kebo, baada ya mahali mrejesho unapochukuliwa. Kwa hedifoni usiweke 47, omu 1 au 2 zinatosha, kwani hedifoni nyingi hubadilisha sauti zikiona ukinzani mkubwa nyuma yake.

Kwenye mrejesho, kwa kukuza mara 3 tumia kilo-omu 2 kutoka tokeo la bafa hadi mguu hasi wa opampu, na kilo-omu 1 kutoka hapo hadi ethi. Kisha pikofaradi 47 kutoka tokeo la opampu yenyewe, kabla ya bafa, hadi mguu ule ule hasi. Juu ya megahezi 1.7 hivi, opampu inaanza kujisikiliza yenyewe na kuiacha bafa nje ya mazungumzo. Hii moja huponya saketi nyingi zilizokataa kutulia.

Ethi ya mzigo irudi kwenye kapasita kubwa za umeme kwa waya wake peke yake. Mkondo unaopita kwenye kila waya wa umeme ni nusu wimbi, umejaa mikwaruzo, na ukiupitisha kwenye ethi ya ishara unajirudishia mkwaruzo uliokwisha kuuondoa. Waya za volti 12 chanya na hasi zisokote pamoja.

Kuwasha mara ya kwanza

Kwa sasa usiweke opampu kwenye soketi yake. Unga kwa muda katikati ya dayodi na ethi, weka rezista za omu 47 mfululizo na kila waya wa umeme, na usiunge mzigo wowote. Washa, pima milivolti juu ya kila omu 2.2. Ukiona kati ya 15 na 35, endelea. Ukiona zaidi ya 100, zima: mara nyingi dayodi moja imegeuzwa au haijashika solda. Ukiona sifuri, beisi na emita zimebadilishana nafasi.

Ondoa omu 47, pima tena, subiri dakika 10, pima tena. Namba ikipanda na kusimama ni sawa. Ikiendelea kupanda, skrubu haijabana au umesahau mafuta ya kupitisha joto. Ndipo uweke opampu, uondoe waya wa ethi, na upime volti tuli kwenye tokeo. NE5532 huvuta takriban nanoampia 200 kwenye mguu wake wa kuingilia. Kwa rezista ya kuingilia ya kilo-omu 47 hizo ni milivolti 9, na ukizikuza mara 3 zinakuwa 28, ambazo sizitaki kwenye hedifoni. Weka mikrofaradi 100 mfululizo na ile kilo-omu 1 ya mrejesho, volti tuli isikuzwe. Mzigo wa kwanza uwe rezista ya omu 33 ya wati 1.

Plagi ya stirio ya milimita 3.5 hugusisha tokeo na ethi kila inapochomekwa. Bila kinga, miliampia 5 za beisi mara kikuzo cha 100 ni nusu ampia, kwa volti 12 ni wati 6 kwenye transista moja. BC547 juu na BC557 chini zinatosha: beisi kwenye emita ya transista kubwa kupitia omu 100, emita kwenye tokeo, kolekta kwenye beisi ya kubwa. Omu 2.2 ikifikisha volti 0.65, yaani miliampia 295, ndogo inafunguka na kunyang'anya kubwa mkondo wa beisi. Bado ni wati 3.5 kwa muda wote mguso utakaodumu, kwa hiyo hitisinki haikwepeki.

Kwa betri moja ya volti 12

Wengi hawana umeme wa pande mbili. Wana betri ya sola. Saketi ni ile ile, na katikati inakuwa volti 6, iliyotengenezwa kwa rezista mbili za kilo-omu 10 na mikrofaradi 100, ikilisha mguu wa kuingilia kupitia kilo-omu 47. Lakini rezista za kilo-omu 2.2 hazifai tena. Tokeo likipanda volti 3, rezista ya juu inabakiwa na volti 2.1 tu, na inatakiwa itoe 1.5 kwa beisi na angalau 1 kwa dayodi. Hiyo ni omu 820. Mkondo wa dayodi wakati wa utulivu unakuwa miliampia 6.5, hivyo omu 10 za mfululizo zinashuka kuwa 6.8. Hesabu ya joto inakuwa 6 × 100 × 0.002, yaani 1.2, na bila hitisinki bado upo salama mradi hakuna mguso wa ethi.

Tokeo linapitia kapasita. Mikrofaradi 470 kwa omu 32 inakata chini ya hezi 11. 220 inakata kwenye 23 na besi inaanza kupungua. Upande chanya wa kapasita uelekee bafa. Weka kilo-omu 1 baada yake hadi ethi, ili ijae hata kama hakuna hedifoni. Bila hiyo, volti 6 zote zitapita sikioni mwa mtu mara tu atakapochomeka plagi.